Harufu Inayokutoa Machozi Ni Mbolea Inayokukimbia

Swali: "Nafuga kuku wa mayai wapatao arobaini na nina bustani ya mboga. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikikusanya kinyesi chao kwenye mapipa, nakinyunyizia maji ya vijidudu niliyonunua, na juu yake namwaga majivu ili kupunguza harufu na inzi. Harufu haikupungua, imezidi. Nikifungua kifuniko machozi yananitoka. Miche niliyoiwekea ilikauka kingo za majani, kisha ikafa. Je, vijidudu vile vilikuwa feki, au kuna mahali nakosea? Na kinyesi cha kuku huchukua muda gani hadi kiwe mbolea?"

Ndugu yangu, huenda ile chupa haina kosa lolote. Tatizo ni majivu, na ili uone kwa nini, inabidi tuanze na kinyesi chenyewe kabla ya kufika kwenye vijidudu.

Chukua tone moja bichi la kinyesi cha kuku ulitazame kwa karibu. Chini ni kahawia au kijani, na juu lina kofia nyeupe kama chokaa. Hiyo kofia ndiyo mkojo wa kuku. Ndege hatoi mkojo wa maji kama sisi. Naitrojeni anayoitupa mwilini huitoa ikiwa asidi ya yuriki, unga mweupe usioyeyuka kwa urahisi. Katika kinyesi kibichi, zaidi ya nusu ya naitrojeni yote imo katika unga huo. Ndiyo maana kinyesi cha kuku kinasifiwa kuliko cha ng'ombe, na ndiyo maana pia kinaunguza mimea upesi.

Mmea haunywi asidi ya yuriki. Lazima kwanza vijidudu viikate vipande. Bakteria wa jamii ya Bacillus, Pseudomonas na wengineo, pamoja na kuvu kadhaa, wana kimeng'enya kinachoifungua asidi ya yuriki hatua kwa hatua mpaka inakuwa yurea, kisha kimeng'enya kingine, yurease, kinaivunja yurea kuwa amonia. Kazi hiyo haihitaji mwaliko. Inahitaji unyevu tu, na joto kidogo. Kinyesi kilichokauka kabisa hakinuki kwa sababu vijidudu vyake vimelala. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi banda zima linanuka. Hukuongeza chochote, umeviamsha tu.

Sasa tunafika penyewe. Amonia ina nguo mbili. Ikiwa katika hali ya uchachu, huvaa chaji ya umeme, inaitwa amoniamu, na hubaki imeyeyuka majini, imeshikamana na vitu, tayari kuliwa na vijidudu vingine au na mizizi. Ikiwa katika hali ya magadi, yaani pH (kipimo cha uchachu na magadi) ikiwa juu, huivua ile chaji na kuwa gesi, na gesi haina sababu ya kukungoja. Kwa joto la nyuzi 25, kwenye pH ya 7 ni chini ya asilimia 1 tu iliyo gesi. Panda hadi pH 8, ni kama asilimia 5. Fika pH 9, ni zaidi ya theluthi moja. Majivu ya kuni mara nyingi yana pH ya 10 na kuendelea, na chokaa iliyolowa hupita 12. Kila ulipomwaga koleo la majivu ukidhani unaua harufu, ulikuwa unaisukuma naitrojeni itoke pipani. Machozi yaliyokutoka ni ya mbolea yako ikiondoka.

Na wewe una kuku wa mayai, jambo linalozidisha mambo. Chakula chao huwekewa unga wa chokaa kwa ajili ya maganda ya mayai, na sehemu yake hupita moja kwa moja hadi kwenye kinyesi. Kwa hiyo kinyesi chao tayari kinaelekea upande wa magadi kabla hujagusa kitu. Hakihitaji majivu hata kidogo.

Tukija kwenye chupa. Maji mengi ya vijidudu yanayouzwa ni mchanganyiko wa bakteria wa maziwa mgando, yaani wale wanaotengeneza asidi ya laktiki, pamoja na hamira na wakati mwingine bakteria wa zambarau wanaotumia mwanga. Mchanganyiko wa namna hiyo ulienezwa na Profesa Teruo Higa wa Chuo Kikuu cha Ryukyus, Okinawa, kuanzia miaka ya 1980. Kazi ya hao bakteria wa laktiki ni kuchachusha: wanakula sukari, wanatoa asidi, pH inashuka, na amonia inabaki imevaa nguo yake. Wewe ukawamwagia majivu yanayoua asidi ileile. Ulivuta kamba pande zote mbili. Zaidi ya hapo, hukutaja kuwapa sukari, na kinyesi chenyewe kina sukari kidogo mno, kwa hiyo hata bila majivu wangekufa njaa.

Nitakwambia msimamo wangu, ingawa wauzaji hawaupendi. Gramu moja ya kinyesi cha kuku inabeba mabilioni ya bakteria tayari. Kuwaongezea kifuniko kimoja cha wageni ni kama kupeleka watu wawili kwenye uwanja uliojaa mashabiki ukitarajia wabadilishe wimbo. Anayeamua nani atawale ni hali ya mahali: hewa, unyevu, chakula na pH. Tengeneza hali, na vijidudu unavyovitaka vitajitokeza vyenyewe. Ukitaka mbegu ya kuanzia, koleo mbili za mboji iliyoiva vizuri hufanya kazi nzuri.

Sasa una njia mbili za kuchagua, na kosa lako la msingi ni kwamba ulikaa katikati yake. Pipa lako halikuwa na hewa ya kutosha kwa njia ya kwanza, wala uchachu wa kutosha kwa njia ya pili.

Njia ya kwanza, ambayo ningekushauri wewe, ni lundo la moto. Hapa vijidudu vinavyopumua hewa vinakula kaboni na naitrojeni kwa pamoja na kuijenga naitrojeni ile kuwa miili yao. Lakini kwa kila sehemu moja ya naitrojeni wanataka kati ya sehemu 25 na 30 za kaboni, sehemu kubwa wakiichoma kupata nguvu. Kinyesi cha kuku kina sehemu kama 6 hadi 10 tu za kaboni. Naitrojeni inayozidi inakosa wa kuishika, nayo inakuwa amonia. Kumbe dawa ya harufu ni kaboni kavu: maranda, makapi ya mpunga, mabua yaliyokatwakatwa, majani makavu.

Tuipige hesabu mara moja, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokisia. Chukulia kilo 100 za kinyesi kibichi chenye maji robo tatu. Mabaki makavu ni kilo 25. Humo kuna naitrojeni kilo 1.25 na kaboni kilo 8.75 hivi. Ukitaka uwiano wa 25 kwa 1, unahitaji kaboni kilo 31. Maranda makavu yana kaboni karibu nusu ya uzito wake na naitrojeni isiyofaa hata kutajwa, kwa hiyo kilo 50 na ushee zinatosha. Na angalia kitu kizuri: ukijumlisha maji yote, mchanganyiko huo una unyevu wa asilimia 52, ambao ndio hasa unaotakiwa (50 hadi 60). Ukitumia mabua badala ya maranda, ambayo yana naitrojeni yake kidogo, utahitaji karibu uzito sawa na wa kinyesi, na hapo itabidi uongeze maji, ndoo mbili hadi tatu za lita 20.

Ila usiiamini karatasi kupita kiasi. Kaboni ya mbao imefungwa ndani ya ligini, ile gundi ngumu inayoipa mbao uimara, na vijidudu vinaifikia polepole sana. Ya mabua inaliwa haraka. Lundo la maranda matupu linaweza kuwa na uwiano mzuri kwenye hesabu na bado likanuka wiki ya kwanza. Mimi huchanganya: nusu maranda yanayoacha nafasi ya hewa, nusu mabua au majani makavu yanayolika upesi.

Kuku 40 watakupa kama kilo 4 za kinyesi kibichi kwa siku. Lundo lisilofika meta moja kila upande halishiki joto, na kwa ujazo huo unahitaji kama kilo 200 za kinyesi, yaani mwezi mmoja na nusu wa kukusanya. Huko kusubiri ndiko kunakoharibu watu. Usikiweke kibichi kwenye pipa lililofunikwa. Kila unapozoa, kichanganye papo hapo na maranda makavu na ukiweke chini ya paa. Kikikauka, vijidudu vinalala na naitrojeni inabaki ndani ya ule unga mweupe mpaka siku utakayoamua kuvimwagia maji.

Siku ya kupanga lundo, changanya kila kitu vizuri kabla ya kukirundika. Matabaka kama ya keki yanapendeza pichani tu. Pima unyevu kwa kiganja: kamata konzi, ukaminye kwa nguvu. Tone moja au mawili yakichungulia kati ya vidole, sawa. Yakitiririka, ongeza kavu. Ukifungua kiganja na konzi ikamomonyoka kama mchanga, ongeza maji. Lifunike kwa majani makavu au maranda unene wa kiganja. Tabaka hilo hunasa sehemu ya amonia inayopanda na kuwanyima inzi pa kutagia.

Ndani ya siku mbili tatu joto litapanda kupita nyuzi 50. Nunua kipimajoto kirefu ukiweza. Ukikosa, chomeka fimbo ya chuma katikati, iache dakika kumi, uichomoe. Ikiwa huwezi kuishika, uko pazuri. Joto la nyuzi 55 likidumu linaua Salmonella na mayai ya minyoo na mbegu za magugu. Kanuni za Marekani za mboji ya kinyesi, kwa lundo la kugeuzwa, zinataka nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na ndani ya siku hizo ligeuzwe mara tano, ili kila sehemu ya nje ipate zamu ya kukaa katikati. Ni kipimo kizuri kwa yeyote.

Lakini kumbuka ile habari ya nguo mbili za amonia, maana joto nalo linaivua. Kwenye pH ya 8.5 na nyuzi 25, karibu asilimia 15 ni gesi. pH ileile kwenye nyuzi 55 inakuwa zaidi ya nusu. Kila unapogeuza lundo la moto unalipungia amonia kwaheri. Kwa hiyo geuza kwa sababu, usigeuze kwa mazoea: joto likianza kushuka, au likipita 65, au ukisikia harufu ya mayai viza, dalili kwamba hewa imekwisha ndani. Likifika 70 hata vijidudu vyako vya kazi vinaanza kufa. Na uking'amua kuwa ndani kumekuwa na unga wa kijivu mweupe kama majivu, usidhani lundo limeungua. Mara ya kwanza nilipouona nilidhani kuna mtu kanitupia kaa la moto humo. Ni aktinobakteria, wapenda joto, na wanakuambia lundo limekauka.

Baada ya wiki nne hadi nane joto linashuka na halipandi tena hata ukigeuza. Wengi hapo wanakimbilia shambani. Subiri. Sehemu muhimu kuliko zote kwa mmea ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati hawavumilii moto. Kupita nyuzi 40 hivi kazi yao inasimama. Ni hao ambao mtafiti wa vijidudu Sergei Winogradsky alianza kuwatenga mnamo 1890: kundi moja, kama Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine, kama Nitrobacter, humalizia nitriti kuwa nitrati, chakula ambacho mizizi mingi hukipenda. Kundi la pili ni laini. Gesi ya amonia ikiwa nyingi linasita, na nitriti inarundikana, nayo ni sumu kwa mizizi michanga. Miche yako ilikufa kwa amonia na chumvi, lakini nimeona pia miche ikifa kwa mboji isiyonuka kabisa, iliyotolewa wiki mbili kabla ya wakati. Lipe lundo lililopoa mwezi mmoja hadi miwili, likiwa na unyevu na kivuli. Jumla, basi, miezi miwili hadi minne tangu siku ya kupanga. Anayekuahidi siku kumi na nne anakuuzia kitu kingine.

Kujua kama imeiva, tia konzi mbili zenye unyevu kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uache wiki nzima mahali pa joto. Ukifungua ikanuka udongo wa msituni baada ya mvua, imeiva. Ikipiga pua kwa amonia au uchachu, irudishe. Kisha panda mbegu ishirini za figili kwenye mboji iliyochanganywa na udongo nusu kwa nusu, na ishirini kwenye udongo mtupu. Figili huota ndani ya siku chache na haifichi kitu.

Njia ya pili, ya kuchachusha bila hewa, nitaipitia haraka. Unachanganya kinyesi na pumba na molasi, unaongeza bakteria wa laktiki (hapa sasa chupa yako ina kazi), unashindilia hadi hewa itoke, unafunga kabisa wiki mbili hadi nne. Ukifanikiwa, pH inashuka hadi karibu 5 au chini yake na harufu inakuwa ya kachumbari. Amonia imetulia. Lakini kilichotoka humo bado si mboji. Ni kinyesi kilichohifadhiwa. Lazima kifukiwe udongoni wiki kadhaa kabla ya kupanda, na haijapitia moto wa kuua vimelea. Shida nyingine ni kwamba ile chokaa ya kuku wa mayai inapambana na asidi, hivyo molasi inahitajika nyingi. Kwa kuku wa nyama njia hii ni rahisi zaidi. Mwenye mtambo wa gesi naye anaweza kukitia humo, mradi akizimue sana kwa maji, kwa maana vijidudu vinavyotengeneza methani huzidiwa na amonia ikiwa nyingi; tope linalotoka ni mbolea ya maji yenye nguvu, na linafukiwa siku hiyohiyo.

Fosforasi nayo ina kisa chake. Nafaka huificha sehemu kubwa ya fosforasi yake katika umbo liitwalo fiteti, na kuku hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua, kwa hiyo inapita tumboni na kutua kwenye kinyesi. Kuvu kama Aspergillus na bakteria wengi wa lundo wana kimeng'enya hicho, fitesi, na wanaifungua kwa ajili ya mmea. Hilo ni jema. Baya ni kwamba fosforasi haipotei hewani kama naitrojeni. Ukiipoteza naitrojeni halafu ukafidia kwa kuongeza samadi zaidi mwaka hadi mwaka, fosforasi inarundikana udongoni kupita mahitaji ya mazao na mvua inaipeleka mitoni, ambako inastawisha mwani. Hiyo ndiyo sababu mimi nakazania sana kuishika naitrojeni.

Manyoya usiyatupe. Ni keratini, protini tupu karibu, yenye naitrojeni ya asilimia 15 hivi, ila imefumwa kwa vifungo vya salfa ambavyo vijidudu vingi havivigusi. Bacillus licheniformis anaviweza. Jason Shih na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walimtoa aina moja kwenye mtambo wa kumeng'enya kinyesi cha kuku, kwenye takataka hizihizi. Tawanya manyoya ndani ya lundo, usiyaweke fundo moja, na uyaloweshe kwanza. Mizoga ni habari nyingine: kuku aliyekufa akibaki ndani ya samadi iliyotawanywa malishoni anaweza kuwa chanzo cha sumu ya botulini kwa ng'ombe.

Na usitengeneze "chai" ya kinyesi kibichi ukanyunyizia majani ya mboga. Ukitaka mbolea ya maji, loweka mboji iliyoiva na umwagie chini ya shina. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka kinyesi kibichi kifukiwe siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusana na udongo, na siku 90 kwa mengine. Usidhani wameziweka kwa kupenda urasimu.

Jambo moja la kukubali: mboji iliyoiva hutoa naitrojeni polepole. Mwaka wa kwanza utaipata robo yake tu au pungufu, nyingine inafuata baadaye. Mboga za majani zikionekana kupauka, usidhani mboji ni mbovu. Zinahitaji nyongeza ya kitu chepesi.

Sasa mapipa yako. Yafungulie nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na usiinamishe uso ndani. Mwaga yote juu ya kitanda kinene cha maranda, changanya na mabua makavu kiasi cha nusu ya uzito wake, usizidishe, kwa sababu naitrojeni nyingi imeshaondoka na kaboni ikizidi lundo litasinzia. Ongeza koleo chache za mboji ya zamani au udongo mweusi wa chini ya miti. Ukipata alumini salfeti, jamaa ya shabu inayosafishia maji, kidogo itashusha pH. Kwenye mabanda ya kuku hutumika kwa kazi hiyohiyo ya kubana amonia. Halafu pima joto siku ya tatu. Likiwa limepanda, utakuwa umeokoa kilichobaki. Lisipopanda, ongeza ndoo ya kinyesi kibichi cha leo, bila majivu, na uchanganye upya.